Hari Yako Iko Aje

Chai ilikuwa bado ya moto nilipoimwaga. Sikuimwaga kwa bahati mbaya. Niliinua kikombe, nikamtazama yule mama usoni, nikakipindua juu ya zulia lake la kijani. Zulia lilikuwa na bahati. Nilikusudia kummwagia yeye.

"Nani amekuambia?" nikamuuliza. "Nani amekupa hilo jina?"

Nelima Makokha hakuinuka. Alikuwa mshauri nasaha, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, na kiofisi chake kilikuwa Kanduyi, pale Bungoma, juu ya duka la dawa za mifugo, kikinuka dawa ya kupe kuanzia ngazini. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka ambaye hakujua yuko chini ya meza.

Sikutaka kwenda kwake. Bindu, dada ya mume wangu, ndiye aliyenitoa Kitale akanipeleka kwa gari lake. Alichagua Bungoma kwa sababu Kitale kuta zina masikio, na sisi Wahindi wa pale ni wachache hivi kwamba ukipiga chafya mtaa mmoja, mtaa wa pili wanakuuguza. Miezi saba nilikuwa nimelala chumbani, juu ya duka letu la vitambaa. Sikuoga. Sikuchana nywele. Chakula kilipanda ngazi kikiwa moto, kikashuka kimepoa. Daktari alinipa vidonge, akasema ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mama mkwe akasema ni uvivu na kukosa sala. Mume wangu hakusema kitu. Niliwachukia wote watatu, kwa zamu. Tena nilikuwa nimekwisha kuichagua siku ya kutoamka. Hilo sikumwambia mtu, ila Bindu alilisoma usoni mwangu.

"Bhabhi, wifi yangu," aliniambia asubuhi ile ya kwanza, akinishikia mlango wa gari, "ukitaka kumchukia huyo mama, mchukie. Lakini umchukie ukiwa hai."

Basi nikaenda kumchukia. Mara mbili nilikaa kwenye kiti chake saa nzima bila kufungua mdomo, nikitazama dirishani watu wa bodaboda wakigombania abiria. Naye hakunisumbua. Kila nilipoingia alisema, "Kalibu, mama," nami nikamcheka kimoyomoyo. Mtu ambaye l na r zimemshinda ndiye atakayenipangia yaliyovurugika kichwani? Na si kwamba ulimi ule ulikuwa mgeni kwangu. Miaka kumi na minane nimewapimia vitambaa watu wa Bungoma, na anayetaka shuka ya kurara najua anataka nini.

Lakini mara ya tatu alibadilisha salamu. Alinitilia chai, akaketi, akauliza polepole, "Hari yako iko aje?"

Hari ni mwanangu. Alikuwa na miaka tisa.

Nyumbani jina hilo lilikuwa halitajwi. Mama mkwe alilipiga marufuku siku tuliyorudi na majivu, akasema tukimwita-mwita mtoto hatapumzika. Picha yake ikafungiwa kabatini. Hata wanawake wa sokoni, ambao tangu azaliwe walikuwa wakiniita Mama Hari, wakaanza kuniita madam, wakidhani wananihurumia. Miezi saba sikulisikia jina la mwanangu kinywani mwa mtu yeyote, halafu mgeni wa Kanduyi ananiuliza yuko aje, utadhani kesho anarudi shule.

"Mimi sijui jina gani, mama," Nelima alisema. "Mimi nimeuliza tu hari. Hari yako. Vile unasikia mwirini." Kisha akasita, nikamwona analisikia neno lenyewe likitoka. Akaushusha mkono wake mezani. "Hari ni nani?"

Nilimtukana kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kigujarati. Nilipoishiwa matusi, mdomo ukaendelea wenyewe. Nikamwambia ilikuwa Januari, duka limejaa wazazi wanaotafuta vitambaa vya sare, na Hari alikuwa juu na homa. Aliniita kutoka ngazini: Mama, njoo. Nikamjibu angoje nimalize mteja mmoja. Nikammaliza huyo, na mwingine, na mwingine. Nilipopanda nilimkuta haitiki. Hospitali walihangaika naye siku mbili.

"Nilimwambia angoje," nikasema. "Alikuwa mtoto mtiifu. Akangoja."

Kama Nelima angesema ni mapenzi ya Mungu, ningeondoka nisirudi. Kama angesema si kosa langu, ningemzaba kofi. Hakusema hata moja. Alichukua kitambaa, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kukausha zulia, na huko huko chini akaniuliza Hari alikuwa anapenda kula nini.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mahindi ya kuchoma, nikamwambia, yapakwe ndimu na pilipili mpaka machozi yamtoke, kisha aombe lingine. Niliongea mpaka Bindu akapiga honi.

Nisimdanganye mtu: sikupona siku hiyo. Nilirudi Kitale nikalala siku nne mfululizo. Ile siku niliyoichagua ilipofika, nilimpigia Nelima simu, nikamtukana tena, tukaongea mpaka ikapita. Vidonge nilimeza. Kila Alhamisi nilikwenda Kanduyi, na mara nyingi nilikwenda kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kunivalisha viatu. Nilipoitoa picha kabatini, mimi na mama mkwe tulifokeana mpaka wateja wakanyamaza dukani. Picha ikabaki ukutani, pale juu ya ngazi. Siku ya pili nilimkuta mume wangu amesimama mbele yake, akiifuta vumbi kwa shati lake, analia. Hapo nikaanza kumsamehe, si kwa haraka.

Alhamisi moja ya mwaka uliofuata, mvua za Aprili zimeanza, nilimkuta Nelima amejiandaa. Inaonekana alikuwa amefanya mazoezi. Aliukaza ulimi kama mtoto wa nasari, jasho likimtoka, akasema, "Ha-l-li yako iko aje?"

Niliudhika kuliko siku ya chai. Nikamwambia asiniletee adabu, nyumbani ninayo ya kutosha. Nikamwambia aulize vile anavyouliza.

Akafuta jasho, akauliza:

"Hari yako iko aje, Mama Hari?"

"Hayupo," nikamjibu. "Mimi nipo."

Kisha nikamsogezea kikombe anitilie chai.