Chikanda za Nyuma ya Jiko

Msinipe pole. Kosa nililifanya mwenyewe, kwa jembe langu, tena nikipiga mluzi.

Mke wangu Fortunata alichimba chikanda miaka kumi na minane. Ni viazi vidogo vya maua ya porini, vinavyotwangwa na karanga. Wanunuzi walikuwa wanavifuata mpaka hapa kijijini na magunia yao. Watoto walisoma kwa hizo. Halafu mwaka mmoja akapanda mlimani, akarudi na kikapu kitupu. Zile za maua ya zambarau zimekwisha kabisa. Alilia, mama wa watu. "Evaristi, ni mikono yangu hii," akasema.

Alikuwa amebaki na maganda mawili ya mbegu, na mbegu zenyewe ndogo kama vumbi. Akazimwaga nyuma ya jiko, juu ya udongo alioubeba kwa ndoo kutoka mlimani, maana udongo mwingine zinaukataa. Watu wakamcheka. Na mimi nilimcheka, nifiche nini? Mwaka wa pili ikatokea miche kumi na mmoja, myembamba kama nyasi. Akawa anaimwagilia kwa kikombe. Mwaka wa nne akaniambia, "Mwakani itachanua. Nitairudisha kwao mlimani."

Mwaka huohuo, mwezi wa nne, mdogo wake Asnath akaugua kule Kabwe, Fortunata akaenda kumuuguza. Mvua zikakatika. Majani ya chikanda yakanyauka, kitalu kikabaki nyasi. Nikasema, masikini, zimekufa, akirudi ataumia huyu. Nikafanya anachofanya Mfipa yeyote akiona nyasi mwisho wa mvua: nikazifukia, nikainua matuta ya mviringo, ntumba safi kabisa, nikapanda maharage juu yake. Nilitaka akute kitu kibichi.

Alirudi mwezi wa sita. Kuona matuta, mzigo ukamdondoka kutoka kichwani.

"Zilikuwa zimelala tu," alisema. "Kila kiangazi zinalala. Miaka yote hii hukuona?"

Sikuona. Jamani, sikuwahi hata kuangalia.

Akapiga magoti, akabomoa matuta kwa vidole. Vizizi alivyovipata vilikuwa vimekatika na kuoza. Jua lilipozama alikuwa amevifikisha kumi na kimoja.

Akanawa mikono. Hakuwa na hasira, afadhali angenitukana.

"Mimi nilizimaliza za mlimani," akasema, "na wewe umezimaliza za nyumbani. Njoo tule."

Nikaenda, nikala.