Neno la Kumuombea Asha

Idrissa ni mtoto wa marehemu dada yangu, nami ndiye niliyemlea, kwa hiyo alipotaka kuoa aliniletea mimi kesi. Wajomba zake wako Kindu, na mjomba wa kwenye simu haposi mke. Kwetu, familia za Waislamu tuliotoka Maniema, mshenga huwa mwanaume mwenye kofia na sauti ya taratibu. Mimi sina vyote viwili. Lakini kuanzia Birere hadi Mapendo, Goma inaujua ulimi wa Mama Shakila, na ulimi ndio kazi yenyewe.

Msichana alikuwa Asha, fundi cherehani, binti wa pekee wa Muzee Hemedi. Shida haikuwa Asha. Wale wawili walikwisha kuelewana zamani. Mwenye macho alishangaa tu kijana anayeuza kabichi na viazi vya Kibumba anavyoshonesha kanzu nyingi hivyo. Shida ilikuwa baba. Muzee Hemedi alifundisha Kiingereza mpaka mvi zikamkuta ubaoni, na tangu astaafu kila anayepita mlangoni kwake ni mwanafunzi. Mtu mwingine alikwenda kuposa kabla yetu, tajiri mwenye lori lake, akarudi kichwa chini na hataki kusema aliulizwa nini. Na kwetu posa ikishatamkwa kwamba imekufa, hairudishwi tena kwenye nyumba ileile. Idrissa alilijua hilo, ndiyo maana aliacha kula.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala, nimevaa kitenge cha sherehe. Mshenga haingii na jambo moja kwa moja, anazunguka. Basi nikazunguka.

"Muzee, tulikuwa tunapita, tukaona moshi. Tukasema, hapa kuko jiko. Sisi kwetu kuko baridi."

"Mama Shakila, acha moshi," akasema. "Idrissa anamutaka mutoto yangu na neno gani?"

Sikuelewa. Akanieleza, kidole juu, kana kwamba nimekalia dawati lake. Waingereza, alisema, hawatupi kila hamu kwenye gunia moja. Wana neno la anayepungukiwa, neno la mwenye uroho, neno la anayetazama mbali. Anayemtaka Asha achague neno lake la Kiingereza, moja tu, na mshenga alilete. Likiwa zuri, tutazungumza habari za kilemba, ile zawadi ya baba. Likiwa baya, chai ipo, tunywe, turudi nyumbani.

"Asha!" akaita. "Miwani yangu!"

Asha akatoka nyuma ya pazia, akaikuta miwani kwenye paji la uso la baba yake, akamshushia puani, akarudi. Hakunitazama, ila alikuwa anatabasamu.

Idrissa aliiuliza simu yake, simu ikamwambia "need". Nikalipeleka.

"Need!" Muzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Hiyo ni neno ya maji, Mama Shakila. Robinet ikikauka, uko na need. Ukishajaza bidon yako ya maji, unaisahau kwa kona. Asha ni bidon?"

Nikasema Asha si bidon. Nikanywa chai, nikarudi.

Nikapeleka "want". Akasema hilo ni neno la sokoni, leo umetaka nyanya, kesho umeona bilinganya. Nikapeleka "crave". Akaniuliza kama Idrissa ana mimba, maana hilo ni neno la mjamzito anayetafuta udongo wa kutafuna. "Desire" sikulimaliza hata kulitamka. Aliangalia pazia, akaniangalia mimi, akasema neno hilo halisemwi mbele ya baba wa mtu. Na muda wote huo: Asha, kalamu yangu! Asha, fungua dirisha! Asha, funga dirisha, vumbi! Asha, chai ya mgeni imepoa!

Nilichoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini aliyetaka ni Idrissa na mgongo uliouma ni wangu. Nikamwambia hii ndiyo safari ya mwisho, atafute neno ambalo si la simu, liwe lake. Alikaa juu ya magunia ya viazi, mikono kati ya magoti. Alikuwa amekonda, nami nilimhurumia.

"Mama mudogo," akasema mwishowe, "umuambie 'miss'. Hiyo njo yenye niko nayo, kila siku."

Mimi Kiingereza sikijui. Mshenga ni mfuko: anawekewa, anakwenda kumwaga. Njia nzima nililitafuna lile neno nisije nikalipoteza, miss, miss, hata mama mmoja muuza makaa akadhani namwita paka wake. Nikafika, nikaketi, nikalimwaga.

Muzee aliweka kikombe chini. "Rudilia."

"Miss. Kila siku, amesema."

"Unajua maana yake?"

"Miye ni mwenye kutumwa tu, muzee."

"Hakuna mutu anaweza kuwa na 'miss' ya kitu yenye hakujua. Kitu ilikuwa karibu naye, ikaenda, fasi yake ikabaki wazi. Njo 'miss' hiyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka mno. "Sasa uniambie, Mama Shakila. Asha alikuwa karibu na Idrissa wapi?"

Nyuma ya pazia kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka, kikazunguka, kikakataa kutulia.

Basi yakatoka yote. Jumapili moja Asha aliaga kwamba anapeleka nguo za harusi Sake, na kweli alizipeleka. Ila wakati wa kurudi alipanda pikipiki ya Idrissa, wakasimama kwenye ziwa dogo la Lac Vert, wakakaa kwenye nyasi wakala mahindi ya kuchoma. Mahindi tu, Asha aliapa akiwa kulekule nyuma ya pazia. Na mimi, mtetezi wa kijana, ndiye niliyemshika mkono nikampeleka kwa hakimu, tena kwa adabu zote! Aibu ilinijaa nikatamani kiti kinimeze.

"Neno limesema lenyewe," Muzee Hemedi akatamka. "Posa ime..." Akageuza shingo. "Asha! Kamusi yangu!"

Hapo nikapandwa na hasira. Nashukuru nilipandwa mapema, kabla hajaimaliza sentensi.

"Muzee!" nikasema, na nadhani barabarani walinisikia. "Miye sikusoma Kiingereza. Lakini na sisi kwetu kuko hamu, kuko uchu, kuko kiu, kuko shauku, haiko gunia moja! Tena niko na macho. Tangu nilianza kuja hapa, sijamaliza hata chai moja bila kusikia 'Asha'. Miwani iko kwa kichwa yako. Dirisha iko karibu na mukono yako. Unafukuza mabwana kwa mulango, unasema ni juu ya maneno. Sasa na weye utuambie: weye unamutaka Asha na neno gani?"

Alifungua mdomo kama mwalimu anayejua jibu.

"Need," akaanza. Kisha akaangalia pazia. Nadhani alikumbuka bidon.

Tangu mama yake Asha afariki, walikuwa wawili tu kwenye ile nyumba ya mbao. Nilikuwa nalijua hilo, mtaa mzima ulilijua, lakini nilikuwa nimeshughulika sana na kuzunguka kwangu. Asha akatoka na kamusi. Hakumpa. Aliiweka chini, akaketi mkekani karibu na miguu ya baba yake.

"Papa, kwa Idrissa ni Katindo, hapahapa Goma. Siendi Kindu. Asubuhi nitakuwa napita hapa mbele ya kwenda kwa atelier ya kushona."

Muzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa safi.

"Ile neno ya Idrissa ni ya muzuri," akasema hatimaye. "Huyu kijana anaijua kuliko miye. Miye nitaijua siku mutoto ataondoka."

Nilipiga vigelegele palepale, nimeketi, peke yangu. Kisha nikakumbuka kazi, nikauliza habari za kilemba.

"Kilemba musilete. Muniletee termosi. Kubwa, yenye kushika moto muzuri. Chai njo need yangu, na need inapatikana kwa soko." Akanyoosha kidole, mwalimu akawa amerudi. "Ile ingine hamuwezi kuinunua."

Tulimletea termosi nyekundu, kubwa kama mtungi, tukaifunga utepe. Harusi ilikuwa ya kelele na pilau, Idrissa akavaa kanzu moja kati ya zile zake, na sasa ikajulikana zilikuwa za nini.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka sokoni mchana, nikapita kumjulia hali. Nilipogusa mlango nikasikia, "Asha!" Kisha akaniona ni mimi, akajifanya alikuwa anakohoa.

Termosi ilikuwa mezani, na kikombe kando yake, kikavu. Nikafungua kifuniko. Imejaa mpaka shingoni, mvuke ukanipiga usoni.

"Muzee, tangu Asha alikujazia asubuhi haujakunywa?"

"Iko moto?"

"Iko moto sana."

"Basi funga, moto isitoke. Asha anapita tena jioni akitoka kwa atelier. Tutakunywa naye." Akaipapasa termosi ubavuni. "Mulichagua muzuri. Inashika mpaka jioni."

Nikamuuliza hiyo sasa Waingereza wanaiitaje, kungoja chai ambayo iko mbele yako na ingali ya moto. Akafikiri. Akasema neno liko, tena ni zuri, liko ndani ya kamusi, lakini kamusi hajui imewekwa wapi. Asha ndiye anayejua fasi yake.

Nilitua kikapu changu nikakaa naye. Siku hiyo nilimkasirikia Idrissa kidogo, na ni mtoto wa dada yangu mimi.