Kitambaa Juu ya Tembe

Askari walimfunga Yoramu mikono asubuhi, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu ya kitambaa cheupe ambacho mkewe Zipora alikuwa amekifua na kukianika juu ya paa bapa la tembe yao. Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Bibi misionari wa Kiingereza aliyewafundisha Yoramu na Zipora kusoma alikwisha kupelekwa kizuizini Tabora. Kitambaa kilikuwa chake, na katikati alikuwa amedarizi neno moja: pure.

"Mnampa nani ishara?" luteni wa Kijerumani aliuliza. Mustapha, mkalimani kutoka Kondoa, akatafsiri.

"Si ishara, Bwana," Zipora alijibu. "Ni neno la Kiingereza. Maana yake safi."

"Safi ya kufua?"

"Hapana. Bibi alisema limetoka kwa Warumi wa zamani, likapita kwa Wafaransa, ndipo Waingereza wakalichukua. Husemwa kwa maji yasiyotiwa kitu, au dhahabu isiyochanganywa. Hata moyo husemwa hivyo."

Luteni, aliyekuwa amesoma Kilatini, alilitamka taratibu lile neno la Kirumi: purus. Zipora akadhani yameisha.

"Kisichochanganywa," luteni alisema, akimsogelea. "Basi moyo wako una Mwingereza ndani, au hauna?"

Yoramu alikuwa amepigishwa magoti juani, hatua chache tu kutoka pale. Askari aliyemsimamia alishika kiboko. Zipora alimtazama mumewe, kisha akajibu.

"Umechanganyika, Bwana. Yule bibi aliniuguza ndui, nami nampenda. Lakini hatujampa mtu ishara yoyote, mimi wala mume wangu."

Mustapha hakutafsiri. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, naweza kusema hauna."

"Sema nilivyosema."

Mustapha akatafsiri, macho chini. Luteni akaamuru kitambaa kichomwe. Yoramu hakupigwa, wala hakuachiwa. Alitwishwa sanduku la risasi, akaondoka na wapagazi kuelekea Kilimatinde.

Alirudi mwaka uliofuata, Wajerumani walipokwisha kukimbia, amekonda, bega moja limeshuka. Zipora alimkanda kwa maji moto.

"Ningesema hauna, labda wangekuacha," alisema, na machozi yakamtoka.

"Nilikusikia siku ile ukisema kweli," Yoramu alisema. "Njia nzima nilikuwa nakusikia. Kanda hapo chini kidogo."