Maji ya Ndama wa Arobaini

Mwaka mzima nimekuwa nikimsikia ndama akihema. Namsikia ofisini Mpwapwa, namsikia kanisani watu wakinyamaza kusali. Si mlevi mimi, wala sijarukwa na akili. Ni ndama mwekundu wa Mama Domitila, mjane wa Mlali, na aliyemuua ni mimi, Emiliana, mchanja mifugo mwenye cheti ukutani.

Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, inatisha ukiijua. Unamchoma ndama ugonjwa wenyewe, ukiwa hai, na papo hapo, kwa sindano ya pili, unamchoma dawa ya kuupunguza kasi. Mdudu wa ndigana hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na kingamwili zinazotolewa na seli B hazimfikii humo. Zinazomuweza ni seli T, askari wa namna nyingine, maana huua chembe yenyewe iliyomficha. Ila seli T hazizaliwi zikimjua. Hujifunza, na kujifunza huchukua siku. Dawa huzipa siku hizo, kisha seli hizo humkumbuka mdudu kwa miaka. Dawa isipokuwepo, mdudu huzizalisha chembe alizoziteka, tezi zinavimba chini ya sikio, na ndama anakufa amejaa askari wake mwenyewe waliogeuka.

Siku ile nilikwenda na dawa ya ndama thelathini na tisa, hesabu niliyopewa na wafugaji. Mbegu ya chanjo, yaani ugonjwa wenyewe, ilitosha arobaini, na ikishayeyuka hairudi kwenye mtungi wa kugandishia. Mwishoni kabisa Mama Domitila akaleta ndama wa tatu. Alikuwa ametaja wawili; huku kwetu mifugo haitajwi yote, ni kujitafutia mkosi. Ilinipasa nimrudishe. Badala yake nikamchoma ugonjwa, kisha nikakuta chupa ya dawa imebaki matone. Nikaona aibu mbele za watu, nikaongeza maji ya kunywa, sindano ikajaa. Kiburi tu, sina jina lingine.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu. Kupe wamejaa, na Mama Domitila amekataa kuchanja ndama wake wawili wa mwaka huu. Anasema sindano inaua. Wakifa na hao, nitakuwa nimeua watatu. Nikachukua mtungi na dawa kamili, nikapanda bodaboda.

Ng'ombe aliyemzaa yule ndama alinitambua kabla ya mwenye zizi. Alinijia moja kwa moja, akanusa mkono wangu wa kulia, akalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Umefuata nini? Nilishakataa."

Nikamwambia yote palepale: matone, maji, aibu yangu. "Chanjo haina kosa, mama. Nimemuua mimi."

Akamsogeza ng'ombe pembeni.

"Maji nilikuona ukiyatia," akasema. "Nikajua ndiyo dawa yenyewe. Alipoanza kukohoa, jirani akasema nikupigie. Nikamwambia ya nini, si nimeona anavyotibu? Nilimnywesha maji siku nne, mwanangu. Nikimbembeleza anywe."

Nililia kama mtoto, tena mbele ya mwenye bodaboda. Mama Domitila hakunituliza. Alikwenda kwenye kona ya zizi, akarudi akimvuta ndama wa kwanza kwa kamba, akamshika sikio.

"Choma huo ugonjwa wako," akasema. "Sindano ya pili naijaza mimi."