Shamba la Wagonjwa

"Daktari! Mgonjwa wako ameamkaje?"

Jesang hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti matopeni, sindano mkononi, akiudunga mche wa ngano kama muuguzi anayemchanja mtoto asiyetulia. Ndani ya sindano mlikuwa na maji yaliyochanganywa na unga wa kutu, ule ugonjwa mwekundu unaoila ngano ya Moiben mpaka mkulima anavuna makapi. Wenzake wote walinunua dawa kuufukuza. Yeye aliuleta mwenyewe kutoka kituo chake cha utafiti, kwenye chupa, kwa heshima zote.

"Ana hali mbaya, Kibor," akajibu. "Mungu ashukuriwe."

Jirani yao Kibor alicheka hadi pikipiki ikamzimikia.

Acheke tu. Jesang alikuwa amehangaika miaka mingi kuoanisha mbegu hii na ile mpaka akapata ngano isiyokubali kutu. Lakini ngano kama hiyo haisadikiwi kwa maneno. Lazima iwekwe katikati ya ugonjwa. Kwa hiyo aliizungushia ngano dhaifu, inayougua hata ikipigwa chafya, kisha akaidunga hiyo dhaifu. Siku ya ukaguzi, dhaifu iwe nyekundu na yake iwe kijani. Pasipo ugonjwa hakuna mtihani, na mkubwa wake kituoni alishamwambia kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Akishindwa, mbegu yake inatupwa.

Kona ya shamba alipewa na baba yake, Mzee Arap Sitienei, ambaye alianza kujuta kabla mvua ya kwanza haijakatika.

"Nimekusomesha kwa ngano," mzee alimwambia jioni hiyo, wakinywa chai. "Sasa umerudi kuiua mbele ya macho yangu. Na ni kando ya barabara! Jumapili kanisa lote linapita hapo. Si ungeiugulisha kule nyuma ya boma?"

"Inayougua ni ile dhaifu, Baba. Yangu haihitaji dawa."

"Haihitaji?"

"Hata tone."

Mzee aliguna, akajimiminia chai nyingine. Kesho yake Jesang akarudi kituoni kusubiri kutu ishike.

Wiki chache baadaye alikuja na Madam Kwamboka, mkaguzi mkuu, mwanamke ambaye haikujulikana kama ana meno, kwa vile kazini hakucheka kamwe. Mzee aliwangoja langoni ndani ya suti yake ya harusi, anang'aa kama bwana harusi mwenyewe. Nyuma yake shamba lilikuwa kijani. Lote. Kutoka barabarani hadi kwenye ua, ngano dhaifu na ngano ngumu zimesimama pamoja, nzuri, zimeshiba, hazina habari.

Jesang alimpita, akageuza jani la ngano dhaifu. "Baba, umefanya nini?"

"Wageni wakija, nyumba haifagiliwi? Nilipiga dawa." Akainua kidole, asije akafikiriwa mbadhirifu. "Lakini sikuimwaga ovyo. Wewe ulisema yako haihitaji hata tone, sikuipa hata tone. Nimetibu wale wagonjwa peke yao."

Jesang alitaka kulia na alitaka kucheka, akashindwa kuchagua.

"Mzee," alisema Madam Kwamboka, "umempa mwanafunzi mjinga majibu ya mtihani. Sasa wote wamepata mia. Mwerevu nitamjuaje?" Akachomeka kalamu mfukoni. "Pole, Daktari. Hapa sina cha kukagua."

Mzee alimtazama huyu, akamtazama yule. "Kwa hivyo kama ingekuwa nyekundu..."

"Ningeshinda, Baba."

Mzee alichungulia barabarani. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeungama wizi wa kuku.

"Kuna ingine kule nyuma ya boma."

"Ingine nini?"

"Ugonjwa."

Wakamfuata, wakiruka mavi ya ng'ombe, Madam Kwamboka ameshika sketi. Nyuma ya boma, mahali pasipopitwa na kanisa, kulikuwa na kipande cha ngano ya mzee mwenyewe, ile mbegu aliyokuwa akiipanda tangu ujana wake. Ilikuwa nyekundu tupu. Mashina yalikuwa yamevunjika, na kila walipokanyaga, unga wa kutu uliinuka ukawapaka nguo. Katikati ya maangamizi hayo palikuwa na duara la kijani, ngano imesimama wima. Jesang aliitambua kama mama anavyomtambua mwanawe kati ya watoto wa sare moja.

"Umeiba mbegu yangu."

"Nilichukua kiganja tu. Ilimwagika."

"Gunia lilikuwa limefungwa, Baba."

"Ilimwagika nilipofungua."

"Na hii yako? Mbona hukuipiga dawa?"

Mzee alijipangusa suti, akazidi kuipaka. "Nilitaka kuona kama yako itashindwa. Ikishindwa, nikwambie sisi wawili, hapa nyumbani, kabla wageni hawajakuaibisha."

Mtu huyu hakuwahi kuacha hata suke moja life. Jesang alimpenda baba yake wakati huo mpaka akalazimika kuwatazama ng'ombe.

Madam Kwamboka alizunguka duara lile polepole. Alipitisha kidole kwenye shina la kijani, akakitazama: kisafi.

"Siwezi kuandika hii," alisema. "Haina kibao, haina vipimo, na imepandwa na mwizi."

"Wa kiganja," alisema mzee.

"Nitamwombea binti yako kwa mkubwa wake msimu mmoja zaidi. Siahidi kitu. Na wewe Mzee, hilo bomba la kupigia dawa litakaa wapi?"

"Jesang akitaka aende nalo. Alale nalo."

Mzee alichuma suke la kijani, akalisugua viganjani, akapuliza makapi. Punje zilikuwa bado laini. Alimpa mgeni kwanza, kisha binti yake, zilizobaki akazitia kinywani. Watu watatu wazima, wekundu hadi magotini, walisimama wakitafuna bila haraka kama watoto wa Moiben, wakingoja ngano igeuke chingamu kinywani. Dereva aliyewaleta alipiga honi langoni. Madam Kwamboka hakugeuka; alinyoosha mkono, akaomba nyingine.