Jina Ambalo Symphorien Hakulitaja

Papa Symphorien, mtangazaji wa redio, alijiona nabii wa mpira. Kila msimu ulipokaribia kwisha, kabla makocha wa ligi ya mtaa wa Katuba hawajapiga kura ya mchezaji chipukizi bora, yeye alilitaja jina redioni, na jina hilo ndilo lililoshinda. Kichwa kikamvimba. Hakujiuliza hata mara moja kama ni yeye aliyejua, au ni makocha waliokuwa wakimfuata tu.

Mwaka huu chipukizi alikuwa mmoja, na mwenye macho hakuhitaji kuambiwa: Dieumerci, winga wa kushoto, mtoto wa Symphorien mwenyewe. Mshindi angechukuliwa na timu ya vijana ya klabu kubwa mjini. Kijana alishaanza kulala na viatu vya mpira chini ya mto.

"Taja mutoto wako," mkewe, Mama Léonie, alimwambia asubuhi ya kipindi chake. "Bantu bote banamujua."

"Weye, Léonie! Baba anasifu mutoto wake mbele ya bantu? Macho ya bantu iko mubaya. Batamuvunja muguu mbele ya kufika kule ku klabu. Na tena batasema natafutia familia yangu faida."

"Basi nyamaza. Usitaje muntu."

Laiti angemsikia! Lakini nabii anyamaze, na redio iko wazi? Alifika studio, akasafisha koo, akamtaja Jeannot, kipa wa timu ya jirani, mtoto mzuri lakini wa kawaida tu. Moyoni alijisemea kwamba makocha wana macho, watamchagua Dieumerci wenyewe, na hapo sifa itakuwa imetoka midomoni mwa watu wengine, inavyofaa. Jamani, akili gani hiyo!

Jumapili uwanjani jina likasomwa: Jeannot. Dieumerci alipiga makofi, akaendelea kupiga hata wenzake walipokwisha kuacha.

Symphorien akamvuta pembeni Kunda, kocha wa kijana wake. "Kunda, hata weye?"

"Papa, ningefanya nini? Shiye bote tulikuwa tunataka Dieumerci. Tukasikia redio. Baba yake mwenyewe anamuruka! Tukasema, mutoto iko na ugonjwa, baba anaficha. Hata muntu wa klabu aliuliza vile vile."

"Haiko na ugonjwa! Nilikuwa namulinda!"

Kunda alimtazama kwa huruma. "Sasa nani atakuamini, Papa?"

Symphorien alirudi nyumbani na hasira isiyo na wa kumpiga. Alimkuta Dieumerci ameketi mlangoni, suruali ameikunja mpaka mapajani, anabonyeza goti moja, kisha la pili, kama mama anayechagua avokado sokoni.

"Papa," alisema bila kuinua uso, "niambie tu. Miye niko na ugonjwa gani?"

"Hauko na kintu, mwanangu. Nakuapia."

Kijana akabonyeza tena. Mama Léonie alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria ya bukari, ugali wa jioni, mkononi, akimkazia mumewe macho.

"Sikia," Symphorien akasema. "Tangu naanza kutangaza mupira, sijaona winga kama weye. Hata mumoja."

Dieumerci aliacha goti. Aliishusha suruali polepole, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Kumbe ni mubaya sana," alisema. "Haujanisemaka vile hata siku moja."