Tarumbeta la Baba Philomena

Kabla hujaniambia kwamba Jilala ni shemeji yangu na shemeji hatukanwi mbele za watu, subiri kwanza nimalize. Hapa Kharumwa wameshanikalisha kitako mara tatu kunisuta, ati nimemvunjia heshima mbele ya wacheza ngoma wake. Sawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza alifanya nini na tarumbeta la mume wangu. Basi leo nitasema, na anayetaka kukasirika akasirike.

Mume wangu ni Bartholomeo, Baba Philomena. Miaka tisa alikuwa mtega baruti mgodini. Siku moja baruti ikawahi kulipuka kabla hajafika pa kujificha. Mwili ulipona, masikio yakabaki kulekule shimoni. Karani wa mgodi akaandika kwamba masikio yake yalikuwa mabovu tangu kuzaliwa. Tangu kuzaliwa! Mtu ambaye ujanani akisikia wimbo mara moja ngomani, kesho yake anauimba wote mpaka ng'ombe wanasimama! Nilitaka kwenda kumrukia yule karani, wakanishika.

Philomena wetu ameolewa Didia, nyumbani tumebaki wawili. Hujui maana ya kuishi na kiziwi mpaka uishi naye. Chakula kikiiva nampungia mwiko. Nikitaka kugomba, na mimi kugomba nimezaliwa nako, nagomba na chungu, maana yeye anaona midomo inacheza tu. Miaka mitatu hiyo.

Mwaka ule pamba ilikubali. Nikasema pamba yangu haitaishia kwenye khanga, namnunulia mume wangu gramafoni, mashine ya kupigia santuri, asikie wimbo tena. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Philomena anakwenda kumpigia mbuzi gitaa!" Jilala, mdogo wake Baba Philomena, akapanda lori pamoja nasi mpaka Geita, ati mwanamke hajui kuchagua mitambo.

Dukani kwa Bwana Kanji zilikuwapo mbili. Moja ni ya sanduku, mpya, nyeusi, inafungwa na kubebwa kama sanduku la nguo, na sauti inatokea humohumo ndani. Nyingine ilikuwa juu rafuni na vumbi lake, kuukuu, aliiacha padri mmoja aliyerudi kwao. Ile ilikuwa na tarumbeta la bati juu yake, rangi ya kijani, mdomo mpana kama ungo.

"Mama, hiyo ya babu," Bwana Kanji akasema. "Chukua ya sanduku, ndiyo ya kisasa."

"Ya sanduku, shemeji," Jilala akadakia. "Usituaibishe."

Nikawauliza, "Atakayesikiliza ni nani? Nyinyi au mwenye masikio yake?"

Nikamketisha Baba Philomena mbele ya ile ya sanduku. Santuri ikaimba, ikaimba, yeye anatutazama kama mtu anayengoja apakuliwe. Hakuna kitu. Nikasema shusheni ile ya babu. Bwana Kanji akapuliza vumbi, akabadilisha sindano, akazungusha mpini. Baba Philomena akainama, akaingiza kichwa chote kwenye mdomo wa tarumbeta. Tukangoja. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga chini taratibu, kisha akapaza ile sauti ya viziwi isiyojua kipimo: "Ni mwanamke anaimba!"

Duka zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilisema, "Fungasha."

Njiani mtu mmoja kwenye lori akanirudishia maneno yaleyale ya mbuzi na gitaa. Nikamwambia mbuzi wangu anacheza, wako je?

Kuishi na tarumbeta kuna kazi yake, asikudanganye mtu. Kwanza niliiweka gramafoni katikati ya chumba. Sauti yote ikapanda kwenye nyasi za paa ikapotelea huko. Nikaisogeza huku na huku, mpaka nilipoisukuma pembeni kabisa, zinapokutana kuta mbili, mdomo ukielekea chumbani. Hapo kuta zikairudisha sauti, na Baba Philomena akaweza kuketi kwenye kigoda bila kuingiza kichwa ndani, sikio tu kwenye ukingo. Nyigu wakajenga humo. Kuku akataga humo. Kila Jumamosi nalisugua kwa majivu. Na santuri zenyewe ni mbili tu, kila jioni zilezile mbili, nimezichoka mpaka nazisikia nikitwanga. Lakini nikiona ule mguu unapiga chini, natwanga kwa kuufuata.

Sasa Jilala. Jilala ni manju, kiongozi wa ngoma, wa kundi la Wagalu. Kama hukulelewa Usukumani, jua hivi: baada ya mavuno ya nafaka Wagalu na Wagika hucheza siku ileile, uwanja mmoja, Jumapili kadhaa mfululizo, kila kundi na ngoma yake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju hukosi kumwona na kioja. Huyu kaja na chatu shingoni, yule na fisi kwenye kamba. Na kila ngoma hupakwa dawa ya kuvuta watu, hilo halina siri.

Akaja na adabu zote. "Shikamoo, shemeji. Naomba lile tarumbeta, siku moja tu. Nitaimbia humo, sauti iwafikie Wagika wenyewe."

"Halitoki," nikasema.

Lakini akamwendea kaka yake, akalionyesha kwa kidole, akapiga kifua chake. Baba Philomena akacheka. "Mpe. Ni ndugu yangu."

Nikatoa. Kesho yake akalirudisha linang'aa, akalifunga mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Na mimi nikamshukuru. Mimi! Mpaka leo nikikumbuka ile asante natamani niende nikaidai.

Siku nne zilizofuata nilikuwa shambani nachuma pamba, narudi nimechoka, nalala. Siku ya tano nikawahi kurudi. Kigoda kipo uani, kimepinduliwa. Baba Philomena ameketi chini, uso ukutani.

"Mama Philomena," akasema bila kugeuka, "masikio yamekwisha. Hata kwenye tarumbeta sisikii tena. Siku nne najaribu. Usijisumbue na majivu yako."

Akalia. Mtu ambaye baruti ilimrusha hakulia, analia kama mtoto! Siku nne anakufa peke yake nyumbani mwangu na mimi nachuma pamba. Nikazungusha mpini ili angalau mimi nisikie kitu nyumba isiwe kama ya msiba. Ikatoka sauti nyembamba, kama ya mbu.

Hee! Hayo si masikio.

Nikalifungua tarumbeta, nikalielekeza mlangoni nichungulie. Giza. Nikachomeka kijiti kooni pake, nikasukuma. Likadondoka donge la nta, kubwa kama yai la kuku, limechanganywa na mafuta na manyoya na mizizi iliyosagwa, linanuka.

Sikufunga hata kilemba. Nilimkuta Jilala uwanjani kwake na kundi lake, watu kama thelathini, wanafanya mazoezi. Nikalitupa lile donge mbele ya miguu yake. "Hii ni nini?"

Akaangaza huku na huku. "Taratibu, shemeji. Ni dawa. Ngoma haiendi uwanjani mikono mitupu."

"Lile ni ngoma? Ngoma inapigwa nje, umeipaka nje. Tarumbeta sauti inapita ndani, wewe umeliziba koo!"

"Nilijua nitaliomba tena Jumapili. Dawa ikitolewa kabla mashindano hayajaisha inamgeukia mwenyewe."

"Na kaka yako? Siku nne, Jilala! Anadhani amekufa masikio!"

Hapo ndipo aliposema. Na kama ungekuwapo ungenishika mkono au ungenisaidia. Aliwatazama watu wake, akatabasamu, akasema, "Sasa shemeji, kiziwi anapungukiwa nini?"

Nilichomwambia sitakirudia, watu wamekwisha kukirudia vya kutosha. Ndicho ninachosutiwa.

Nikarudi nyumbani. Nikachemsha maji, nikaketi uani, nikaanza kusafisha lile koo kwa gunzi la mahindi. Baba Philomena akaja. Akaliona donge dogo lililobaki, akaelewa. Akanishika mkono niache, akalishika tarumbeta upande mwembamba achungulie kama kumefunguka. Akaweka jicho. Kisha, sijui kwa nini, akaweka sikio. Mimi nimeinamia mdomo mpana naupangusa, na mdomo wangu haujafungwa tangu nitoke kwa Jilala.

"Eti kiziwi anapungukiwa nini! Mtu mzima na ndevu zake!"

Baba Philomena akashtuka. "Nani kasema hivyo?"

Gunzi likaniponyoka. Akanitazama, bado lile tarumbeta liko sikioni. "Nimekusikia. Nani kasema?"

"Jilala," nikasema ndani ya bati.

Akalibana bati vizuri zaidi sikioni. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Lolote. Hata gomba."

Umeshanijua, maneno kwangu hayakauki. Siku ile yalikauka. Miaka yote nagomba na chungu, na tangu turudi Geita njia ipo pembeni mwa chumba, naisugua kwa majivu kila Jumamosi! Mwisho nikamwita jina lake, jina ambalo sijalitamka mbele yake tangu tulipompata Philomena. "Bartholomeo." Akafumba macho. Akaniambia niite tena, nikaita.

Jumapili asubuhi Jilala akaja. Ndiyo, alikuja, na uso wake mkavu, anataka tarumbeta aende nalo uwanjani. Baba Philomena akaingia ndani, akatoka nalo, akaweka upande mwembamba sikioni, akamwelekezea mdogo wake ule mdomo mpana.

"Rudia ulichomwambia mke wangu," akasema. "Sema hapa, nikisikie mwenyewe."

Jilala ana sauti ya kujaza uwanja mzima. Alifumbua mdomo, akaufumba. Akafumbua tena. Alisimama pale mpaka mkono wa kaka yake ukachoka kushikilia lile bati, kisha akageuka akaenda zake mikono mitupu.

Na mpaka leo watu wanasema mimi ndiye niliyemvunjia heshima.